Msichana Aliyepotewa na Kijerumani

Katika mji wa Vienna, nchini Austria, palikuwa na msichana aliyeitwa Bertha Pappenheim. Kwao walikuwa watu wenye uwezo. Alifundishwa kupanda farasi, kudarizi, na lugha za watu: mbali na Kijerumani cha nyumbani, alijua Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. Chuo kikuu hakwenda, maana zama hizo Vienna haikupokea wasichana chuoni. Basi akili yote ile ikakaa nyumbani kushona maua kwenye vitambaa.

Mwaka 1880, Bertha akiwa na miaka 21, baba yake aliugua mapafu. Bertha ndiye aliyemwuguza, hasa usiku, wengine wakiwa wamelala. Usiku mmoja amekaa kando ya kitanda, mkono wake wa kulia umelalia mgongo wa kiti na umekufa ganzi, akaona nyoka mweusi anatoka ukutani kumwendea mgonjwa. Nyoka hakuwepo. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka kupita kiasi. Bertha akataka kumfukuza, mkono ukakataa kuinuka. Akataka kuomba Mungu, ulimi ukakosa la kusema. Hata neno moja la dua halikumjia. Mwishowe akakumbuka shairi dogo la watoto, la Kiingereza, na kwa lugha hiyo ndipo akaweza kuomba.

Miezi iliyofuata mambo yakaharibika. Kuna wakati alinyamaza wiki mbili nzima. Sauti iliporudi, ilirudi na Kiingereza peke yake. Mama yake akimsemesha kwa Kijerumani, hamwelewi. Mwuguzi aliyemwangalia ikabidi ajikongoje na Kiingereza cha kuokoteza. Na la ajabu zaidi: ukimpa kitabu cha Kifaransa akisome kwa sauti, macho yanapita kwenye Kifaransa, mdomo unatoa Kiingereza kilichonyooka, papo hapo, bila kusita.

Daktari wake aliitwa Josef Breuer, na Breuer alijua Kiingereza. Jioni baada ya jioni alikuja akaketi, Bertha akasimulia yanayomtisha, daktari akasikiliza. Akimaliza kusimulia, hutulia. Bertha mwenyewe ndiye aliyeupa mtindo huo jina, tena kwa Kiingereza chake kilekile: tiba ya maongezi. Siku akiwa na mzaha aliuita kufagia masizi kwenye dohani.

Sasa fikirini daktari yule asingejua Kiingereza. Angesikia kelele zisizo na maana kwake, angeandika kwamba binti amerukwa na akili, angefunga mkoba wake na kwenda zake. Tiba ya maongezi, ambayo leo inafanyika Nairobi, Dodoma, Muscat na kwingineko, ilianza na mgonjwa aliyeikimbia lugha ya kwao na daktari aliyeweza kumfuata alikokimbilia. Mimi huwa nashangaa watu wanaposimulia kisa hiki na kuliruka jambo hilo, kana kwamba lugha ilikuwa pambo tu.

Breuer na mwenzake kijana, Sigmund Freud, walikichapisha kisa hicho mwaka 1895 katika kitabu, wakamficha Bertha kwa jina la Anna O., na wakaandika kwamba alipona. Hapo msiwaamini sana. Mwaka 1882, baada ya maongezi yote yale, Bertha alipelekwa hospitali ya Kreuzlingen, Uswisi, na ilimchukua miaka kadhaa kusimama sawasawa. Lakini alisimama. Akawa kiongozi wa wanawake wa Kiyahudi nchini Ujerumani, akafungua nyumba ya kuwalea wasichana wasio na pa kwenda, na mwaka 1899 akachapisha kitabu cha Mwingereza Mary Wollstonecraft kuhusu haki za wanawake, alichokitafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani. Lugha iliyomtoroka ndiyo akawa anaandikia vitabu.

Tumwache Bertha, tuje kwenu. Hebu hesabuni lugha zenu. Mtoto wa Kisii anaongea Ekegusii na nyanya, Kiswahili na muuza duka, Kiingereza na mwalimu, Sheng na marafiki, na yote hayo kabla ya saa sita mchana. Mtoto wa Lubumbashi ana Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha darasani. Mtoto wa Mkongomani aliyehamia Marekani huongea Kiswahili na mama jikoni, akigeuka tu kumjibu dada yake anatoa Kiingereza. Mnaona ni jambo la kawaida, na ni kweli. Ila kila lugha mliipata mahali pake na kwa watu wake. Moja mlibembelezwa nayo na mkafinywa nayo. Nyingine mlipewa ubaoni, pamoja na alama za vyema na makosa.

Mwaka 2003 mtafiti Catherine Harris wa Chuo Kikuu cha Boston na wenzake walitaka kupima jambo hilo. Wakawachukua watu waliozaliwa na Kituruki wakajifunza Kiingereza baadaye, wakawafunga vidoleni vyombo vidogo vya kupima jasho la ngozi. Mtu akishtuka moyoni, vidole hutoa jasho jembamba lisiloonekana kwa macho, chombo kikalisoma. Wakawapa maneno ya kila aina: ya kawaida, matusi, na yale makaripio ya wazazi ya kumwambia mtoto aone aibu. Makaripio yalipokuja kwa Kiingereza, vidole havikujali sana. Yalipokuja kwa Kituruki, ngozi ikaruka. Watu wazima hao, wengine wasomi wa kutosha, na bado sauti ya mama inawafikia vidoleni.

Mnaweza kujijaribu wenyewe. Mtu akikwambia kwa Kiingereza kwamba umekosa heshima, utaudhika kidogo. Sasa msikie shangazi akisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Huna hata haya!" Si habari moja.

Miaka mitatu kabla ya utafiti wa Harris, watafiti Viorica Marian na Ulric Neisser walikuwa wamewahoji vijana waliokulia wakisema Kirusi kisha wakahamia Marekani. Walipowauliza kwa Kirusi wasimulie mambo ya maisha yao, yalikuja zaidi ya kule walikotoka. Walipowauliza kwa Kiingereza, yalikuja zaidi ya Marekani. Kwa hiyo mtaalamu akikuuliza kwa Kiingereza habari za utoto wako, huenda hukumficha kitu. Huenda hicho kitu kiliwekwa kwa Kiswahili na hakijasikia kikiitwa.

Waganga wa maongezi walikwisha kuligundua hili kwa masikio tu, kabla ya vyombo vya vidoleni. Edith Buxbaum alikuwa mtu wa Vienna aliyehama Austria akaishia Seattle, Marekani. Wagonjwa wake wengine walikuwa wahamiaji kama yeye, na mwaka 1949 aliandika jinsi baadhi yao walivyojificha ndani ya Kiingereza ili wasikutane na mambo yaliyowapata kwa Kijerumani. Mwaka uliofuata Ralph Greenson wa Los Angeles aliandika kisa cha mwanamke mwenye asili ya Austria. Kwa Kiingereza mama huyo alikuwa mtu mzima mstaarabu mwenye wasiwasi kidogo. Akiombwa aseme Kijerumani anagoma, kwa kuwa humo, alisema, anageuka kitoto kichafu chenye hofu. Greenson alifahamu Kijerumani, kwa hiyo aliweza kumwomba.

Nasi tumwombe mwanasaikolojia wetu aingie. Wengi wenu mkisikia neno hilo mnafikiria daktari mwenye sindano. Anayeandika dawa za magonjwa ya akili ni daktari aliyesomea udaktari kwanza, kisha akabobea katika akili. Mwanasaikolojia wa tiba yeye alisomea namna watu wanavyofikiri, wanavyokumbuka, wanavyojifunza na wanavyoumia, na kazi yake kubwa ni kuzungumza kwa utaratibu. Hana sindano. Ana kiti, saa ya ukutani, boksi la karatasi laini, na masikio yaliyofundishwa.

Njia ya kufika kwenye kiti hicho ni ndefu. Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi inayowasajili. Tanzania mtu anaweza kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Muhimbili. Marekani ndiko kwenye mlima hasa: baada ya shahada ya kwanza, miaka mitano hadi saba ya udaktari wa falsafa au wa saikolojia, ndani yake mwaka mmoja wa kufanya kazi hospitalini au kliniki kila siku, na juu yake mtihani wa maswali 225 ya kuchagua jibu. Sitawachosha na majina ya masomo. Takwimu zimo, ubongo umo, na tasnifu ambayo mwanafunzi huiota usiku.

Kinachomfanya mtu kuwa mganga hasa ni usimamizi. Mwanafunzi anaanza kuwaona watu wa kweli, na kila wiki anaketi na msimamizi, mtaalamu aliyekomaa. Mwenye shida akiwa ameridhia, kikao hurekodiwa, kisha wawili hao wanasikiliza. Msimamizi anasimamisha kanda. "Hapa kijana alinyamaza. Ulihesabu sekunde ngapi kabla hujadakia?" Mwanafunzi anajitetea kwamba aliona kimya kimezidi. Msimamizi anarudisha nyuma, wanasikiliza tena, na inasikika wazi kabisa kwamba kijana alikuwa amevuta pumzi, alikuwa karibu kusema, na mwanafunzi akamkata kwa swali zuri sana lisilotakiwa. Masomo ya namna hiyo hayasahauliki. Yanauma, halafu yanakaa.

Na hapa ndipo mwanafunzi mwenye lugha mbili anapopata kazi mara mbili bila mshahara mara mbili. Vitabu vyake vyote ni vya Kiingereza. Msimamizi wake pengine hajui Kiswahili hata cha salamu. Anazungumza saa nzima na mama kutoka Bukavu kwa Kiswahili, kisha anaingia ofisi ya pili kumweleza msimamizi kwa Kiingereza. Mama alisema: "Moyo unanienda mbio, na kichwa kinawaka moto, nina mawazo mwanangu, nina mawazo." Mwanafunzi akitafsiri neno kwa neno, msimamizi ataandika kwamba mama ana mapigo ya moyo ya kasi, homa ya kichwa, na fikra nyingi, na atapendekeza apimwe malaria. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anajua kwamba mama amezungumzia huzuni na mashaka tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuitaja huzuni wala mashaka.

Mambo yanakwenda pia upande mwingine. Mwanafunzi huyo alijifunza kwa Kiingereza namna ya kumwambia mtu kwamba kumwogopa mbwa kila siku kwa sababu mbwa mmoja alimng'ata ni jambo la akili kujikinga, na kwamba linaweza kuzoeshwa polepole likapungua. Kwa Kiingereza anaieleza vizuri. Anapofungua mdomo kwa Kiswahili anajikuta anatoa sentensi zenye harufu ya ofisi, za "mwitikio wa kihisia" na "mikakati ya kukabiliana", na mama wa Bukavu anamtazama kwa huruma kama anayemtazama mtu mwenye kigugumizi. Basi inambidi arudi kwa shangazi zake, kwa mahubiri ya Ijumaa au ya Jumapili, kwa wauza samaki, asikie watu wanavyofarijiana kwa kweli. Huko San Antonio, Texas, Chuo Kikuu cha Our Lady of the Lake kimeliona tatizo hilo kwa upande wa Kihispania, kikaweka mafunzo maalumu kwa wanasaikolojia watakaohudumia wasemaji wa lugha hiyo, ili wasiishie kuijua lugha ya jikoni tu. Kwa Kiswahili, wengi bado wanajifundisha wenyewe.

Kuna karatasi moja ambayo huenda mkakutana nayo kliniki. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: kama umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kama usingizi umekuwa haba au umezidi, kama unajiona hufai. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, zote zikijumlishwa haziwezi kupita 27. Imetafsiriwa kwa Kiswahili na inatumika Kenya na Tanzania. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kujidhuru au kwamba afadhali afe. Mafundi wabovu hulipitia swali hilo haraka, kwa sauti ya chini, wakitumaini jibu litakuwa hapana. Fundi mzuri huweka kalamu chini, humtazama mwenzake, na huliuliza kwa lugha ambayo mwenzake hawezi kukwepa ndani yake. Kumwuliza mtu jambo hilo waziwazi hakumtii wazo hilo kichwani, ingawa watu wengi wazima wanaamini hivyo. Mara nyingi humtua mzigo.

Njooni sasa tuketi pembeni ya kikao kimoja. Nimekitunga mimi, kwa sababu vikao vya kweli ni siri, lakini nimekitunga kwa mambo yanayotokea.

Msichana wa kidato cha pili amelelewa na nyanya yake huko Meru, na nyanya amefariki yeye akiwa bwenini. Anasimulia kwa Kiingereza. Tarehe anazo, hospitali anaitaja, jina la ugonjwa anaongeza kabisa, mgongo umenyooka kama anayesoma taarifa ya habari. Mwanasaikolojia anasikiliza mpaka mwisho. Kisha anauliza kwa Kiswahili, polepole: "Nyanya alikuwa akikuitaje?"

Msichana anajibu kwa Kimeru. Neno moja. Halafu anaukunja mkono wa sweta mpaka ukafunika vidole, na mgongo ule uliokuwa umenyooka unalegea.

Mwanasaikolojia hajui Kimeru. Lugha zake ni Kiswahili na Kiingereza, na Kitaita cha kwao. Anasema: "Kama kuna kitu ungependa kumwambia, mwambie kwa lugha yenu. Mimi si lazima nielewe." Msichana anasema. Dakika mbili, tatu, machozi na makamasi, na yule mtu mzima ameketi kimya hajui hata sentensi moja, ila uso ameusoma wote. Baadaye msichana anamweleza kidogo kwa Kiswahili, kiasi anachotaka mwenyewe. Waliosomea tiba ya watu wa lugha nyingi hufundishwa hilo: si lazima mganga aelewe kila kitu ili kitu kifanye kazi. Hilo lilinishangaza kuliko yote niliyoyasikia, na huwa nawaambia walimu wanaopiga marufuku lugha za nyumbani shuleni, wananuna.

Lakini msidhani basi kwamba dawa ni kumrudisha kila mtu kwenye lugha ya mama. Chukueni mvulana ambaye mtu mzima wa ukoo alimfanyia jambo baya mwilini. Kwa Kiswahili hawezi kulitaja. Maneno ya sehemu hizo alipigwa kofi kwa kuyatamka akiwa na miaka minne, na tangu hapo yamefungwa. Kwa Kiingereza cha kitabu cha bayolojia, anaweza. Neno la bayolojia halina kofi ndani yake. Mganga mwenye lugha mbili anamwacha apitie mlango huo, anaandamana naye kwa Kiingereza hata kama wote wawili ni watoto wa Pwani, na hamharakishi. Siku nyingine, pengine baada ya miezi, kijana mwenyewe ataanza sentensi kwa Kiingereza na kuimalizia kwa Kiswahili. Mganga ataiona sentensi hiyo. Hataipigia makofi, ila ataiona.

Kwa hiyo kazi ya huyu mtaalamu ni kujua lugha ipi ina joto na ipi ina kivuli kwa mtu huyu aliye mbele yake, leo. Kwa mwingine hesabu hugeuka. Uganda, wapo wazee ambao Kiswahili walikisikia kwa askari, enzi za Idi Amin, 1971 hadi 1979. Ukimkaribisha mzee kama huyo kwa Kiswahili chako kitamu cha Lamu, umemkaribisha kizuizini. Mashariki ya Kongo, Kilingala ndiyo lugha ya jeshi, na kuna watu wakikisikia tu nje ya dirisha wanaacha kusema. Mwanasaikolojia anayejua lugha bila kujua zilikopita anaweza kumuumiza mtu kwa salamu tu.

Tena lugha moja huleta udugu, na udugu una shida zake. Katika mji wa ugenini ambako Waswahili wote wanasali pamoja na kuazimana masufuria, mama anaweza kukataa kabisa mtaalamu anayesema Kiswahili. "Huyu anatoka kwetu, kesho habari zangu ziko msikitini." Huwezi kumlaumu. Mwanasaikolojia ameapa kutunza siri, na anaweza kuivunja tu pale uhai wa mtu ulipo hatarini, mtoto anapodhurika, au sheria inapomlazimisha. Lakini kiapo chake mama hajakiona, na jirani zake amewaona. Wengine humchagua mgeni na mkalimani wa simu kutoka mji wa mbali. Mtaalamu mwenye busara hachukii. Humweleza taratibu zake, humwachia achague.

Nikishataja mkalimani, niseme na hili, maana linawahusu ninyi. Mara nyingi anayetafsiri ni mtoto. Mama anaumwa, daktari anajua Kiingereza tu, na binti wa miaka 11 amekaa katikati na begi lake la shule mapajani. Mama anasema kwa Kiswahili kwamba tangu vita hapati usingizi, na kwamba kuna siku hutamani asiamke. Binti anamgeukia daktari: "Anasema kichwa kinamuuma kidogo." Hakudanganya kwa ubaya. Alimlinda mama, akamlinda daktari, akabaki na ile sentensi peke yake, akaenda nayo shuleni. Taratibu nzuri za hospitali hukataza watoto kufanywa wakalimani kwa mambo ya namna hii, na mtoto ana ruhusa ya kusema: "Tafadhali mtafutieni mama mtu mzima wa kutafsiri." Sio utovu wa adabu.

Na je, mahali ambapo wanasaikolojia ni wa kuhesabika? Mjini Harare, Zimbabwe, Dakta Dixon Chibanda alikuwa daktari wa magonjwa ya akili katika nchi yenye madaktari wachache mno wa namna yake. Mwaka 2006 alianza kufanya kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa na shahada. Walifundishwa namna ya kusikiliza na kumwongoza mtu achague tatizo moja la kushughulikia kwanza, wakaketi naye kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, na wakazungumza Kishona. Benchi lenyewe Chibanda alitaka kuliita kwa jina la afya ya akili. Bibi wakamwambia hapo haketi mtu. Likaitwa benchi la urafiki. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa, ya utafiti wa watu 573: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshavuka mipaka ya Zimbabwe, na Zanzibar umefika. Wasomi wengine hukunja pua kwa sababu bibi hawakufanya mtihani wa maswali 225. Mimi naona mtihani una kazi yake na bibi wana yao. Kijana anayesikia sauti zisizokuwepo anamhitaji daktari, na mjane asiyelala anaweza kuanzia kwenye benchi.

Siku ya kwanza mkienda kwa mwanasaikolojia wa namna niliyowaeleza, hatawauliza tu jina na umri. Atauliza nyumbani mnaongea nini. Anayekasirika nyumbani hukasirika kwa lugha gani? Ukijihesabia pesa kimoyomoyo, unahesabu kwa ipi? Ukiota? Kuna lugha uliyowahi kuijua ikapotea, na ilipotea lini? Msishangae. Anachora ramani. Na kikao kikiisha, baada ya dakika 45 au 50, ataandika kumbukumbu zake kwenye faili, pengine kwa Kiingereza kwa kuwa ndivyo ofisi zinavyotaka. Ila walio makini huyaacha maneno yenu yenyewe ndani ya alama za kunukuu, kwa lugha mliyoyasemea, "nina mawazo" ibaki "nina mawazo", ili mtaalamu atakayesoma faili kesho asikie mliyoyasema.

Shuleni mwanzieni mwalimu wa ushauri nasaha. Kenya na Tanzania namba ya simu ya watoto ni ileile, 116, na haitozwi pesa. Ukianza kwa Kiswahili na ukaona maneno yanakusonga katikati ya sentensi, hamia lugha nyingine ulizonazo, hata kama sentensi itatoka vipande vipande. Aliyeko upande wa pili akiwa mzoefu, atakufuata.